Mdogo Hashindwi Barabarani, Hushindwa Mezani

Mwezi wa Machi mwaka 2025 aliiaga dunia Eddie Jordan, mzaliwa wa Dublin, Ayalandi, ambaye tangu mwaka 1991 hadi 2004 aliongoza katika mashindano ya Formula 1 timu ya magari iliyoitwa kwa jina lake. Wengi walimkumbuka kwa ucheshi wake, kwa mashati yake ya rangi nyingi na kwa drami alizopenda kupiga. Sisi leo tungependa kuzungumzia gari lake la kwanza tu, na msimu mmoja tu, ule wa mwaka 1991. Kwani ndani ya msimu huo mna somo ambalo watu wa visiwa, pamoja na watumishi wa serikali waliopewa dhamana ya kuwaongoza, hawana budi kulitia maanani.

Somo lenyewe ni hili: mdogo mwenye ufundi anaweza kushindana na mkubwa barabarani na asiaibike, lakini asipojikinga kwa mkataba madhubuti na kwa akiba ya fedha, basi alichokipata mchana barabarani atanyang'anywa jioni mezani.

Yumkini mtu akauliza: sisi ambao hatuna hata uwanja mmoja wa mbio za magari, tuna haja gani na michezo ya matajiri wa Ulaya? Tunajibu kwamba hatuzungumzii anasa. Tunazungumzia hali ya mdogo anapobisha hodi katika uwanja uliojengwa na wakubwa, wenye sheria zilizoandikwa na wakubwa, na ambamo wakubwa wamekwisha kukaa siku nyingi. Hali hiyo watu wa visiwa wanaijua bila ya kufundishwa. Isitoshe, Jordan mwenyewe alikuwa mtu wa kisiwani. Alikuwa karani wa benki mjini Dublin. Mwaka 1970 benki za Ayalandi zilipofungwa kwa mgomo, akavuka kwenda kutafuta riziki katika kisiwa kidogo cha Jersey, na huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza mbio za vigari vidogo viitwavyo karti. Aliporudi kwao akanunua kimoja, na mwaka 1971 akawa bingwa wa karti wa Ayalandi.

Baada ya hapo hakuruka kutoka chini hadi juu kwa siku moja. Aliendesha magari mwenyewe kwa miaka kadhaa, kisha akaanzisha timu ya madaraja ya chini na kuilea kwa muda wa miaka kama kumi. Mwaka 1983 dereva wake, Martin Brundle, alipambana na Ayrton Senna katika ubingwa wa Formula 3 wa Uingereza hadi mbio za mwisho, akatoka wa pili. Mwaka 1989 dereva wake mwingine, Jean Alesi, akachukua ubingwa wa Formula 3000, daraja lililokuwa chini kidogo tu ya lile la juu kabisa. Ndipo Jordan alipoona kwamba wakati umewadia wa kubisha hodi kwa wakubwa.

Gari aliloingia nalo liliitwa Jordan 191. Mwanzoni lilipewa namba 911, lakini kampuni ya Porsche, yenye gari mashuhuri la namba hiyo, ikalalamika, na jina likabidi libadilishwe. Hata kabla ya gurudumu kugusa mbio za kwanza, mdogo alikwisha kukumbushwa kwamba hata namba zina wenyewe. Mchoraji wake mkuu alikuwa Gary Anderson, fundi wa kutoka Ayalandi ya Kaskazini aliyeanza kazi kwa kushika spana katika timu za watu wengine. Aliwakusanya vijana wawili, Andrew Green na Mark Smith, na hao watatu wakalichora gari zima kutoka pua hadi mkia katika majengo madogo kando ya uwanja wa Silverstone, Uingereza. Timu kubwa wakati huo zilikuwa na wachoraji wengi na vyombo vya gharama kubwa.

Jambo la busara walilolifanya ni kutojaribu kutengeneza kila kitu. Injini waliinunua: ilikuwa ni Ford HB ya silinda nane na ujazo wa lita 3.5, iliyoundwa na kampuni ya Cosworth. Haikuwa na nguvu kupita zote, wala haikuwa ile mpya kabisa waliyopewa Benetton, timu kubwa iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Ford. Lakini ilikuwa nyepesi na ya kutegemewa. Wao wakatia nguvu zao zote katika umbo la gari, ili upepo ulikandamize chini na magurudumu yashike njia. Rangi yake ilikuwa ya kijani, rangi ya Ayalandi, iliyosadifiana na rangi ya kinywaji cha 7UP kilichokuwa mmoja wa wadhamini wao. Mpaka leo wako wanaosema kwamba katika miaka ile halikuonekana gari zuri kulipita hilo.

Sasa tutazame mlango aliopitia. Mwaka 1991 timu zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Kwa hiyo timu mpya na zile zilizofanya vibaya zililazimika kupita katika mchujo wa Ijumaa asubuhi, muda wa saa moja, kabla ya wengine kuanza mazoezi. Katika nusu ya kwanza ya msimu magari manane yaliingia katika mchujo huo, manne yakapita, na manne yakafungasha virago siku hiyo hiyo, safari yote ya kuvuka bahari ikawa ni hasara tupu. Katika mbio za kwanza, mjini Phoenix, Marekani, mmoja wa madereva wa Jordan, Andrea de Cesaris, alikwamia papo hapo mlangoni. Mwenzake, Bertrand Gachot, alipita.

Mlango huo ulikuwa mwembamba na mchungu, lakini ulikuwa na sifa moja: kanuni yake ilijulikana. Aliyefanya vizuri katika nusu ya kwanza ya msimu alitolewa katika mchujo ifikapo nusu ya pili. Hakukuwa na haja ya kumjua mtu. Jordan waliijua kanuni, wakaifanyia kazi, na baada ya mbio za Uingereza mwezi wa Julai wakatoka mchujoni kwa haki yao.

Walitokaje? Alama wakati huo zilitolewa kwa sita wa kwanza tu. Tarehe 2 Juni, huko Kanada, de Cesaris alimaliza wa nne na Gachot wa tano. Meksiko de Cesaris akawa tena wa nne. Ufaransa akapata nafasi ya sita; Uingereza Gachot naye akapata ya sita; na Ujerumani wakafuatana, wa tano na wa sita. Mbio tisa zilikuwa zimekwisha, na timu changa, iliyokuwa ikiamka asubuhi kuchujwa pamoja na wanyonge wenzake, ilikuwa na alama 13. Katika mbio za Hangari, mwezi wa Agosti, Gachot hakupata alama lakini alizunguka mzunguko mmoja kwa kasi kuliko dereva mwingine yeyote wa siku hiyo, Senna akiwamo.

Hapo ndipo ukurasa ulipogeuka. Katika mwezi huo huo Gachot alihukumiwa kifungo mahakamani London kwa kumpulizia dereva wa teksi hewa ya kutoa machozi katika ugomvi uliotokea barabarani mwishoni mwa mwaka 1990. Timu ikabaki na gari lisilo na dereva, na mbio za Spa, Ubelgiji, zimekaribia. Meneja mmoja wa Kijerumani akamleta kijana wake wa miaka 22, Michael Schumacher, na kampuni ya Mercedes iliyokuwa ikimlea ikakubali kulipa ili apewe kiti. Jordan, mwenye madeni, alikihitaji kiti hicho kilete fedha. Kijana ambaye hakuwahi kushindana katika uwanja ule mrefu na wa hatari akapata nafasi ya saba katika kupanga mstari wa kuanzia, mbele ya mwenzake mzoefu. Siku ya mbio, tarehe 25 Agosti, klachi ikakatika katika mzunguko wa kwanza na kazi yake ikaishia hapo. De Cesaris ndiye aliyeibeba bendera siku hiyo: alipanda hadi nafasi ya pili, akawa anamfuata Senna, na injini ikamfia zikiwa zimebaki kama duru tatu tu.

Lakini hasara kubwa haikuwa ile ya injini. Kabla ya mbio zilizofuata, za Monza, Italia, Benetton walikuwa wamekwisha kumchukua Schumacher. Jordan alikimbilia mahakamani Uingereza kuomba azuiwe, na mahakama haikumkubalia. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa ni barua ya kuonyesha nia, wala haikuwa mkataba uliokamilika. Dereva aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara saba alianzia katika gari la kijani, akalikalia kwa siku tatu, akaondoka.

Tunaomba msomaji azingatie vizuri upande wa pili wa kisa hiki, kwani ndio unaobeba hoja yetu. Ili kumpisha Schumacher, Benetton walimwondoa dereva wao Roberto Moreno, Mbrazili, ambaye huko Spa alikuwa amemaliza wa nne na kuweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Moreno hakuwa tajiri wala hakuwa mtu wa nguvu. Lakini yeye alikuwa na mkataba. Alikwenda mahakamani Italia, mahakama ikasimama upande wake, na Benetton wakalazimika kumlipa ndipo wakapata njia. Basi katika wiki moja, na katika jambo moja, timu nzima yenye gari zuri ilitoka mikono mitupu, na mtu mmoja mnyonge alitoka na haki yake. Tofauti yao ilikuwa ni karatasi.

Baada ya Ujerumani, Jordan hawakupata alama hata moja katika mbio saba zilizobaki. Walikaribia mara kadhaa, wakamaliza wa saba, wa nane na wa tisa, huku kiti cha pili kikibadilisha watu: Gachot, Schumacher, Moreno, na mwishowe Alessandro Zanardi. Hata hivyo alama zile 13 za mwanzo ziliwatosha kushika nafasi ya tano kati ya timu zote, nyuma ya McLaren, Williams, Ferrari na Benetton, na mbele ya Tyrrell waliokuwa na 12. Kwa timu iliyoingia kwa mara ya kwanza, hayo yalikuwa ni maajabu.

Ilipokwisha shangwe, zikaja hesabu. Timu ilikuwa na deni, na sehemu yake ilikuwa ni ya injini zile zile zilizowapa sifa. Kwa mwaka uliofuata Jordan alichagua injini za Yamaha, ambazo hakutakiwa kuzilipia. Aliokoa timu isifilisike, lakini alilipa kwa njia nyingine: injini zilikuwa nzito na dhaifu, na msimu mzima wa 1992 ukatoa alama moja tu, katika mbio za mwisho. Gari la pili halikuharibiwa na uvivu wa mafundi, kwani mafundi walikuwa ni wale wale. Liliharibiwa na deni la gari la kwanza.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyasema kuhusu Jordan. Sasa tugeuke tujitazame wenyewe.

Kwanza, kuhusu mlango. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake kamili. Mitaa ikajaa furaha. Mwezi wa Julai mwaka huo huo uanachama ule ukafutwa, kwa maelezo kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hatuyataji haya ili kuchokonoa kidonda. Tunayataja kwa kuwa yanaonyesha tofauti kati ya mlango mwembamba na mlango usiojulikana. Mwembamba mtu huweza kujipunguza akapita. Usiojulikana humpokea asubuhi na kumtoa jioni. Wajibu wa viongozi wetu, kabla ya kuwatia wananchi katika shangwe, ni kuzisoma kanuni za kila mlango mpaka nukta ya mwisho, na kuwaeleza watu kwa uwazi kipi kimepatikana na kipi bado.

Na viongozi hao wanapokuwa wao ndio wenye mlango, wajitazame vile vile. Kijana wa Micheweni au wa Makunduchi anapotaka kuingia katika timu ya taifa, katika skuli ya ufundi au katika orodha ya wanaopewa mkopo, je, kanuni ya kuingilia imeandikwa mahali anapoweza kuisoma? Mchujo mkali si dhulma. Dhulma ni mchujo ambao vipimo vyake vimo kichwani mwa mtu mmoja.

Pili, kuhusu mkataba. Visiwa vyetu vimezaa wachezaji, waimbaji, mafundi na mabaharia wengi, na wengi wao huvuka bahari. Hatusemi wazuiwe. Schumacher alipoondoka alifika mbali, na ingekuwa choyo kutaka abakie katika gari lenye deni. Tunachosema ni kwamba kijana anapoondoka, yeye mwenyewe ajue ametia saini nini, na klabu au chama kilichomlea kisibaki kikitazama mkia wa jahazi. Jordan mwenyewe alijifunza: Ferrari walipomtaka dereva wake Eddie Irvine kwa msimu wa 1996, walilazimika kutoa fedha ndipo akaachiliwa, kwa kuwa safari hii mkataba ulikuwapo na ulikuwa hai. Tunapendekeza kwa ofisi zinazohusika na michezo, utamaduni na kazi kwamba vilabu na vyama vidogo vya Unguja na Pemba vipatiwe mwanasheria wa kuwasomea mikataba yao bila ya malipo, kabla ya saini na si baada ya ugomvi. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kukosa karatasi moja.

Tatu, kuhusu mwaka wa pili. Tumezoea kufungua miradi kwa ngoma na hotuba, na mwaka wa kwanza huwa mzuri. Boti mpya hung'ara, mashine mpya ya barafu ya wavuvi hufanya kazi, timu mpya huvaa jezi mpya. Swali la kuulizwa siku ya ufunguzi ni moja: nani atalipa mwaka wa pili? Tungependa kuona kwamba hakuna mradi unaotangazwa mpaka bajeti ya mwaka wake wa pili, pamoja na vipuri na mishahara, imewekwa mezani pamoja na ile ya mwaka wa kwanza. Na tuwe waangalifu na vya bure. Injini ya bure iliyapunguza matunda ya Jordan kutoka alama 13 hadi moja. Msaada ni jambo jema, lakini mpokeaji ana haki, tena ana wajibu, wa kuupima kabla ya kuupokea.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja nalo. Unyonge si hoja ya kudumu. Anderson na vijana wake wawili hawakukaa wakilalamika kwamba McLaren wana wachoraji wengi. Walichagua jambo moja wanaloliweza, wakalifanya vizuri kuliko wengi, na cha wenzao wakakinunua. Visiwa vidogo haviwezi kuwa na kila kitu. Vinaweza kuwa hodari katika vichache. Lakini mwenye ufundi asidharau kalamu. Kwa wahenga, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kuwa kipaji bila ya mkataba huondoka vivyo hivyo.

Jordan hakufa kwa hasara ile. Mwaka 1998, katika uwanja ule ule wa Spa, timu yake ilipata ushindi wake wa kwanza, Damon Hill akiwa wa kwanza na Ralf Schumacher, mdogo wake Michael, akiwa wa pili. Mwaka 1999 ikashika nafasi ya tatu kati ya timu zote. Iliuzwa mapema mwaka 2005, ikapita mikononi mwa wenye mali kadhaa na majina kadhaa, na tangu mwaka 2021 imekuwa ikishindana kwa jina la Aston Martin, makao yake yakiwa hapo hapo Silverstone. Walioingia pamoja nayo katika mchujo wa asubuhi mwaka 1991 wametoweka katika mashindano hayo wote. Iliyobaki ni ile iliyojifunza kusoma karatasi na kuhesabu fedha kwa makini yale yale iliyotumia kuchora gari. Ofisi zetu na vilabu vyetu vinaweza kuanza kazi hiyo wiki hii, kwa kufungua mafaili na kuangalia ni mikataba mingapi imo ndani.